Miche tunapanda, kikaoni hatuko

Kila ikikaribia tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, simu yangu hujaa picha. Vijana wenzangu wa Ukunda, Msambweni mpaka kule Shimoni, fulana za rangi moja, miguu ndani ya tope, mche wa mkoko mkononi. Mimi nazipenda. Zinaonyesha kwamba kizazi chetu hakijalala, haijalishi wazee wanasema nini kutuhusu barazani.

Lakini kuna swali sijawahi kulijibiwa vizuri. Kati yetu tuliopanda, ni wangapi walikuwepo siku bajeti ya kaunti ilipojadiliwa? Ni wangapi wanajua kwamba wadi inatakiwa iwe na kamati yake ya kupanga mambo ya tabianchi, na kwamba ndani yake kuna kiti cha vijana? Unamjua aliyekikalia? Jina lake tu, unalijua?

Msimamo wangu ndio huu, na najua kuna watakaokasirika: hapa Kwale tatizo letu la tabianchi halikosi miche wala halikosi sheria. Linakosa vijana waliokaa kwenye chumba ambamo sheria inageuzwa kuwa bomba la maji, daraja, au pesa iliyopotea. Sera haitembei yenyewe kutoka Nairobi ikafika Gazi. Inabebwa na watu, na watu hao wanakaa kwenye vikao.

Najua neno "kikao" linachosha. Vumilia kidogo, nianze na Gazi.

Walichofanya Gazi

Ukitoka Ukunda ukishika barabara ya Lunga Lunga, kabla hujafika Msambweni unaipata njia ya Gazi. Wengi wetu tunaijua kwa ile njia ya mbao ya akina mama inayopita katikati ya mikoko. Unalipa kiingilio kidogo, unatembea, unapiga picha, unarudi. Ila hadithi ya ile mikoko ni ndefu kuliko ile njia.

Miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mikoko ya Gazi ilikatwa iwe kuni za viwanda. Palibaki vipara vya mchanga na tope. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo mwanasayansi James Kairo, walianza kupanda tena pamoja na wanakijiji. Wakapanda wakijua kila mti una mahali pake. Mlilana unakaa mbele, unaotazama bahari. Mkoko unafuata. Halafu mui na mkandaa, na nyuma kabisa kuelekea nchi kavu unamkuta mchu. Ukiupeleka mti usikotakiwa, unakufa. Ndiyo maana baadhi ya ile miche ya kwenye picha haifikishi mwaka: imechomekwa kwenye mchanga mtupu ambapo mawimbi yanapiga, kwa sababu hapo ndipo kamera inapopata mwanga mzuri.

Mwaka 2013 kijiji cha Gazi na jirani zao wa Makongeni wakaanza mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayofyonzwa na kuhifadhiwa na miti hiyo, kama tani 3,000 kwa mwaka. Anayenunua ni kampuni au mtu binafsi, mara nyingi wa Ulaya, anayetaka kufidia moshi wake. Mikoko ina thamani katika hesabu hii kwa sababu kaboni nyingi haiko kwenye majani wala matawi. Iko chini, kwenye lile tope jeusi linalonuka, imejikusanya miaka na miaka. Ukikata mti, huachilii kaboni ya mti peke yake. Unafungua na tope.

Pesa inayopatikana ni maelfu ya dola kwa mwaka, si mamilioni. Kwa bajeti ya kaunti hiyo ni chenji. Lakini imeleta maji kijijini, imenunua vitabu vya shule, na imepanda mivinje ili mtu apate kuni na nguzo bila kuingia na panga kwenye mikoko. Mwaka 2017 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu, huko mpakani na Tanzania, wakafuata njia hiyohiyo kwa hekta 460.

Sasa uliza: kwa nini ilifaulu? Miche ipo kila mahali. Pesa za wafadhili zimeshapita pwani hii mara nyingi na kuacha mabango tu. Tofauti ya Gazi ni kwamba kulikuwa na chama cha watumiaji wa msitu, kulikuwa na makubaliano yaliyoandikwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na kulikuwa na kamati ya kijiji inayorudi kwa watu kuuliza, "Pesa ya mwaka huu tuifanyie nini?" Watu wanabishana. Huyu anataka maji, yule anataka darasa. Halafu wanaamua, na kila mtu anajua kilichoamuliwa.

Yale mabishano ndiyo mradi wenyewe. Mikoko ni sehemu yake moja.

Msitu ni wa nani?

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, enzi za mkoloni. Babu yako alikata fito, pau, mazio na boriti za kujengea nyumba hapo hapo nyuma ya kijiji, lakini kwenye karatasi alikuwa anakata mali ya serikali. Hali hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba Sheria ya Misitu ya 2016 inaipa jamii nafasi ya kushiriki usimamizi kupitia chama cha msitu na mkataba.

Kwa hiyo tunaposema "mikoko yetu", tuseme tukijua. Ni yetu kwa mazoea na kwa damu. Kisheria tunaingia kwa mkataba, na mkataba una kurasa, una tarehe ya kuisha, na una watu waliotia sahihi. Kama hakuna kijana kijijini aliyewahi kuusoma, siku utakapoandikwa upya utaandikwa na wengine.

Asilimia 40 ya nini?

Tarehe 1 Septemba 2023, siku tatu kabla ya mkutano mkubwa wa tabianchi wa Afrika kufunguliwa pale Nairobi, Rais Ruto alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Marais wakaja, kukatolewa Azimio la Nairobi, kwenye runinga kukawa na suti nyingi. Lakini kilichotuhusu sisi wa Kwale kilikuwa ndani ya ile sheria.

Inasema mradi wa kaboni unaotumia ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii. Na kwa miradi ya aina hiyo, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia.

Asilimia 40! Watu walishangilia. Lakini soma sentensi mpaka mwisho. Ni asilimia 40 ya mapato baada ya kuondoa gharama za kuendesha biashara.

Haya, tufanye hesabu ya darasa la sita. Tuseme mradi fulani umeingiza shilingi milioni 10. Mwenye mradi akisema gharama ni milioni 6, inabaki milioni 4, na jamii inapata milioni 1.6. Akisema gharama ni milioni 9, inabaki milioni 1, na jamii inapata laki nne. Sheria ni ileile, msitu ni uleule, asilimia ni ileile. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa hesabu: magari, mishahara, washauri, safari za ndege, hoteli.

Nani atauliza kuhusu ule mstari? Mzee wa kijiji aliyepewa kitabu cha kurasa tisini kwa Kiingereza asubuhi ya kikao? Au yule dada wa mtaani kwako aliyemaliza diploma ya uhasibu, ambaye sasa anauza maji ya barafu stendi akisubiri kuitwa kazi? Tunao watu. Hatujawapeleka mahali wanapotakiwa.

Sheria nzuri ikikosa mtu wa kuuliza swali huwa ni ya kumfaidi anayejua kuisoma. Pwani hii haina haja ya kufundishwa hilo. Habari za ardhi tu zinatutosha.

"Lakini si sisi tuliochafua"

Najua hoja hii inakuja, na ni hoja ya kweli. Kenya inatoa sehemu ndogo sana ya hewa chafu yote ya dunia. Mvuvi wa Msambweni mwenye dau la tanga hajachafua kitu. Lakini matumbawe yalipokufa kwa joto la bahari la mwaka 1998, ni yeye aliyerudi na tenga tupu. Kinango na Samburu waliona mvua ikikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, ng'ombe wakaisha. Halafu mwishoni mwa 2023 ikaja El Niño, na Pwani ileile iliyokuwa inalilia maji ikafurika.

Kuna wenzetu wanaosema, basi biashara ya kaboni ni utapeli: tajiri anaendelea kuchafua, sisi tunamfagilia kwa elfu mbili tatu. Mimi siwacheki hata kidogo. Nakubali kwamba kampuni haiwezi kununua msamaha Gazi halafu ikaongeza visima vya mafuta kwingine. Nakubali pia kwamba nchi tajiri zina deni, na deni halilipwi kwa kununua tani 3,000 kwa mwaka.

Ila angalia kinachotokea tukisusa. Mradi hausimami kwa sababu kijana wa Ukunda amesusa. Unaendelea, unasainiwa na waliokuwepo, na sisi tunabaki kulalamika kwenye maskani. Kama unaona biashara ya kaboni ni mbaya, kikaoni ndiko mahali pa kusema hapana na hapana yako ikaandikwa kwenye kumbukumbu. Na ukiona ni nzuri, hapo hapo ndiko pa kudai mgao. Kwa vyovyote vile, unatakiwa uwepo.

Na tabianchi si kaboni tu. Kuna mpango wa kitaifa unaoitwa FLLoCA, unaosaidiwa na Benki ya Dunia, unaopeleka pesa za tabianchi kwenye kaunti ili wadi zenyewe ziseme zinataka nini: lambo, kisima, mbegu, mikoko. Kaunti inatakiwa nayo itie chake kutoka bajeti ya maendeleo. Wanaopendekeza ni zile kamati za wadi nilizozitaja mwanzo, na ndani yake kunatakiwa kuwe na wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hii ni pesa ya kweli, inayoamuliwa na watu ambao ukikutana nao sokoni mtasalimiana.

Tusibebeshwe lawama yote

Sasa nigeukie upande wa pili, maana nikiwalaumu vijana pekee yao nitakuwa nimesema nusu.

Niliwahi kwenda kikao cha kutoa maoni, ofisi gani sitaitaja. Tangazo lilikuwa limetoka gazetini, kwa Kiingereza, gazeti ambalo kijijini kwetu linafika likifungia samaki. Kikao kiliwekwa Jumanne saa nne asubuhi. Nani yuko huru Jumanne saa nne? Si wa bodaboda, si mwanafunzi, si mhudumu wa hoteli Diani mwenye zamu ya asubuhi. Tulipofika tukapewa karatasi hapo hapo, nyingi, zenye majedwali ya tarakimu ndogondogo, tukaambiwa tutoe maoni. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akanyoosha mkono akasema kwa adabu zote, "Bwana mwenyekiti, sisi hiki hatujakisoma. Tutatoa maoni juu ya nini?" Watu wakacheka. Mwenyekiti akacheka pia. Kisha karatasi ya kutia sahihi ikazungushwa, na ule mahudhurio ukawa ushahidi kwamba umma umeshirikishwa.

Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi kwenye kifungu cha 10 kama nguzo ya utawala, haikusema ushiriki wa sahihi. Kwa hiyo hivi ndivyo vitu ninavyovidai, na nadhani kila kijana wa Kwale anaweza kuvidai bila kuonekana mkorofi:

Kwanza, hati zitoke kwa Kiswahili, kwa ufupi, angalau wiki mbili kabla ya kikao. Na kikao kifanyike kwa lugha watu wanayoielewa. Pale ambapo Kidigo au Kiduruma kinaeleweka zaidi, basi kizungumzwe.

Pili, vikao viwe Jumamosi alasiri au jioni, karibu na watu. Matangazo yapite misikitini, makanisani, kwenye redio zetu, na kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijiji. Habari ya mechi ya mtaani inafika kwa kila mtu ndani ya saa moja. Habari ya bajeti inashindwaje?

Tatu, kiti cha vijana kikaliwe na kijana. Katiba inasema kijana ni wa kuanzia miaka 18 na hajafikisha 35. Ukimkuta mwakilishi wa vijana ana mjukuu, uliza kwa heshima.

Nne, kila mradi wa tabianchi uwe na ubao ukutani: pesa iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Kwa kalamu ya rangi na tarakimu kubwa, mahali kila mtu anapita akienda kisimani.

Kalenda ya kuweka kwenye simu

Usiniambie hujui uanzie wapi. Kaunti zote za Kenya zinafuata ratiba moja ya pesa, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai.

Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa uwe umefika bunge la kaunti. Hapa ndipo mradi unapozaliwa. Kama mfereji wa maji ya mvua wa mtaa wenu hauko humo, kuutafuta mwezi wa Mei ni kazi bure.

Kufikia tarehe 28 Februari, inatolewa hati inayosema kila idara itapata kiasi gani. Mazingira yapewe ngapi, barabara ngapi, afya ngapi.

Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti yanapelekwa bungeni. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa Juni ndipo wengi huitwa kutoa maoni, na ndipo wengi hushangaa mbona mambo yameshaamuliwa. Wenzao walianza Septemba.

Ukinyimwa hati, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandika barua, na sheria inakuruhusu uiandike kwa Kiswahili au Kiingereza. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Wakikaa kimya, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ya Ombudsman. Huhitaji wakili. Unahitaji karatasi moja, jina lako, unachotaka kujua, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ule muhuri usiusahau. Bila muhuri, barua yako haikufika.

Watatu kwa kila maskani

Sidai kila mtu aache mambo yake ahamie vikaoni. Hatuwezi sote. Mtu ana kodi ya nyumba, ana mtoto, ana zamu.

Nadai watatu. Kila maskani, kila klabu ya mpira, kila kikundi cha upandaji miche kitoe watu watatu. Mmoja wa kusoma hati na kutueleza kwa lugha ya mtaani. Mmoja wa hesabu, wa kuuliza ule mstari wa gharama. Mmoja wa kusimama na kusema, asiyeogopa maikrofoni, na mwenye adabu ya kumwita mzee "mzee" huku anamkazania swali. Wengine tuchange nauli yao. Shilingi hamsini hamsini kwa watu kumi inamfikisha mtu Kwale mjini na kumrudisha, na chai anakunywa.

Na kikundi chenu kikitaka kupanda, pandeni. Muulizeni kwanza mtu wa Gazi au wa chama cha msitu mti gani unakaa wapi. Kisha siku hiyohiyo, mkiwa bado na tope miguuni, chagueni wale watatu, muandike majina, mpeleke barua kwa msimamizi wa wadi mkiuliza mambo mawili: kamati ya tabianchi ya wadi yetu inakutana lini, na kiti cha vijana anacho nani?

Majibu yakija, nitumieni. Yasipokuja ndani ya siku 21, nitumieni pia, na ile nakala yenye muhuri. Nitaziweka hapa moja moja, wadi kwa wadi, mpaka wadi zote 20 za Kwale zitimie.